Ampule Tatu

Baba yangu alipoteza macho yake katika miezi ile ile niliyokuwa nikibadilisha ampule, yaani balbu, za taa ya ndani ya gari. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akadhani ninaficha. Kila alipolalamika kwamba mle ndani mna giza, mimi nilikwenda kununua ampule. Nikajiona binti mwema, tena mwenye subira, na macho ya mzee yakazidi kwenda.

Gari lenyewe ni la viti saba. Lilitoka Japani likiwa limeshachoka kidogo, likashukia Dar es Salaam, likapanda mpaka kwetu Lubumbashi na usukani wake upande wa kulia, kama magari mengi ya hapa. Lakini sisi tunaendesha mkono wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa pembeni, karibu na majani, na akifuata lori haoni kitu chochote mbele yake isipokuwa mgongo wa lori. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto. Dereva anauliza, "Nipite?" Mwenzake anachungulia, halafu anajibu, "Pita," au, "Ngoja." Hakuna mjadala. Ukisikia "Pita" unakanyaga mafuta na kutoka nje ya mstari bila kuona unakokwenda, umeyaweka maisha yako na ya watoto wako katika mdomo wa mtu.

Ndiyo maana kiti cha mbele cha kushoto hakipewi mtu ovyo. Mume wangu anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mwenye kuendesha nilikuwa mimi, na mwenye kuona alikuwa Baba. Mama alikuwa ameshafariki, na mzee alikuwa akiishi nasi mtaa wa Hewa Bora. Kila asubuhi nilipeleka watoto shule, kisha nikampeleka yeye mtaa wa Kamalondo, kwenye chumba chake cha ushonaji. Jumamosi moja moja tulikwenda mpaka mji wa Sakania, karibu na Zambia, kupeleka sare za shule kwa mama mmoja mchuuzi aliyezipenda kazi zake.

Baba alikuwa fundi cherehani, na baba yake pia, watu wa asili ya Maniema waliokuja mjini na sindano zao. Alishona kanzu, suti, sare, chochote ulichomletea, lakini sifa yake ilikuwa tundu la kifungo. Alilifanya kwa mkono. Mashine ilikuwepo na ilikuwa inaweza, lakini alisema tundu la mashine halina adabu. Alikuwa akilizungushia uzi mara moja, mara mbili, akilivuta kwa ncha ya ukucha, mpaka ukingo wake ukawa laini. Wateja walikuwa wakilionyesha kwa kidole kanisani na msikitini.

Sasa, kwetu umeme unakatika karibu kila jioni. Baba aligundua zamani kwamba taa ya uhakika kuliko zote nyumbani ilikuwa ile ya ndani ya gari. Akishamaliza kuswali magharibi alichukua shati alilokuwa akilishona na kopo lake la sindano, akaenda kukaa kiti cha katikati, akafunga mlango, akawasha taa ya darini, akashona. Majirani waliopita walimsalimia kupitia dirishani. Watoto wangu walipaita "ateliye ya kambo", yaani karakana ya babu yao, na walikuwa wakipeleka chai huko. Mimi nilikuwa nikipiga kelele kutoka jikoni, "Papa, uzimishe ile taa, batri itakufa!" Maana kweli ilikuwa inakufa, asubuhi nikageuza ufunguo na gari likakohoa tu, tukaanza kulisukuma, watoto na sare zao za shule mwilini. Kelele zile nilizipiga karibu kila jioni kwa miaka. Nikizikumbuka sasa naona aibu, ingawa batri ilikuwa inakufa kweli.

Siku ya kwanza aliyoniambia tulikuwa tunasubiri watoto wamalize uji. Alisema, "Mama," ndivyo alivyoniita siku zote, "ile taa ya mu motokari ilianza kuchoka. Haiko nafika mu pembe."

"Nitaiangalia, Papa."

Sikuiangalia. Wiki ikapita, na nyingine. Akarudia, kwa upole kama kawaida yake. Baba hakuwa mtu wa kudai. Kitu alichokitaka sana alikitaja mara mbili, na mara ya tatu alikitaja akiwa anacheka. Mara ya tatu alicheka, akasema labda kipofu ndiye aliyeitengeneza ile taa huko Japani. Nami nikacheka.

Hapa lazima nieleze kichekesho cha ukoo wetu, kwa sababu ndicho kinachonitafuna. Babu, yaani baba yake Baba, alikuwa akishona Kamalondo wakati wa taa za mafuta. Uzeeni alianza ugomvi na taa yake. Akabadilisha utambi. Akabadilisha kioo, kimoja, cha pili, cha tatu. Akagombana na muuza mafuta kwamba anatia maji. Mwishowe akamshonea mteja suruali, na mifuko yote miwili akaifunga kabisa juu, mteja akaenda nayo harusini na kushinda siku nzima akitafuta pa kutia mikono. Tulikuwa tukikisimulia kila Idi, na mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kukisimulia. Niliinuka mezani nikamwigiza babu akiipiga taa makofi, kisha nikamwigiza yule mteja harusini. Watu walilia kwa kucheka. Baba pia alicheka, ingawa nikikumbuka vizuri hakucheka kwa muda mrefu kama sisi.

Katika mtaa ule wa mafundi jambo hili linajulikana na halisemwi. Fundi akitamka kwamba macho yake yamechoka, siku hiyo hiyo wateja wanaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Wanakuja kwa adabu, kila mmoja na sababu yake: huyu amefiwa, huyu ameahirisha harusi. Jioni meza iko tupu. Kwa hiyo fundi hasemi. Anasema nyuzi za siku hizi ni mbovu. Anasema sindano zimetobolewa vibaya. Zaidi ya yote anasema taa. Mimi nililelewa chini ya meza ya fundi, nimelala juu ya vipande vya vitambaa, niliyajua haya kabla sijajua kusoma. Na baba yangu aliponiambia taa imechoka, nilifikiri taa imechoka.

Mwishowe niliifungua. Nilichukua kisu cha jikoni, nikakifunga kitambaa nisikwaruze, nikabandua kile kifuniko cha plastiki darini. Ampule yenyewe haikuwa ya mviringo kama za nyumbani. Ilikuwa kama kidonge kirefu cha kioo, imebanwa huku na huku na vyuma viwili vyenye kurudi kama springi. Nikaivuta, ikaniunguza vidole kwa sababu nilikuwa nimeiacha ikiwaka. Nikaipeleka kwa bwana mmoja muuza vifaa vya gari pale pale Kamalondo, mtu wa asili ya Kasai, mwenye miwani na maneno machache.

Aliishika mbele ya jua, akautazama waya wake. Kisha akatoa nyaya mbili kwenye batri kuukuu aliyokuwa nayo chini ya meza, akazigusisha huku na huku. Ampule ikawaka mchana kweupe.

"Mama," akasema, "hii ikingali muzima. Juu ya nini unataka kuitupa?"

"Juu mwenyewe anasema iko giza."

"Basi uangalie kwingine. Haiko ampule."

Fikiria muuzaji anayekataa kukuuzia. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilikasirika. Nilimwona ananifanya mwanamke asiyejua gari. Nikamwambia anipe ile ya nguvu zaidi. Akasema ile ya nguvu itachoma plastiki. Nikamwambia plastiki ni yangu. Akanipa, na ile ya zamani akairudisha mkononi mwangu akiwa ameifunga kipande cha gazeti. Nyumbani niliitupa juu ya kiti cha gari nikaisahau.

Jioni umeme ulikatika, Baba akaenda kwenye ateliye yake. Nilisimama mlangoni kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Alikaa, akainua macho juu, akainamisha, akageuza shati huku na huku.

"Iko kiloko muzuri," akasema, yaani afadhali kidogo. "Lakini ku pembeni kukingali giza."

Baada ya siku chache kile kifuniko kilianza kunuka, kikatoka alama ya kahawia katikati, ukubwa wa sarafu. Yule bwana alisema kweli. Lakini katika sentensi ya Baba sikusikia chochote isipokuwa habari ya taa. Ku pembeni kuna giza. Daktari yeyote wa macho angesimama pale pale. Mimi nikawaza: basi tunahitaji taa inayotawanya mwanga.

Ya tatu nilimwagiza mume wangu ainunue Kolwezi, zile nyeupe za kisasa ambazo hazipati moto. Niliifunga mwenyewe. Ilikuwa kali kiasi kwamba ukifungua mlango jioni ukuta wa jirani unaonekana wote, na watoto walikuwa wakifunika macho. Ilikuwa Jumapili, mume wangu yupo, tumemaliza kula. Baba akaingia na shati lake. Akakaa. Sisi sote tumelizunguka gari tunamtazama. Akapapasa kando yake kutafuta kopo la sindano, ambalo lilikuwa palepale kwenye kiti, upande wa kushoto. Akapapasa tena. Mwanangu wa kike akamsogezea.

"Namna gani, Papa?" nikauliza.

"Aksanti, mama. Lakini ku pembeni..."

Sikumwacha amalize. "Papa, unataka nikuletee jua mu motokari? Ampule tatu! Batoto banasoma na mushumaa, habasemi kintu! Weye tu!"

Watoto walicheka, kwa sababu lile la jua lilikuwa la kuchekesha. Mume wangu alitazama chini. Baba alicheka pia, akaniinulia mkono kama anayezuia gari.

"Basi, mama, usikasirike. Sasa niko naona muzuri."

Hakulalamika tena. Nilijisifu kwa mume wangu kwamba mzee alitaka tu kuambiwa ukweli. Kama ningepewa siku moja tu ya kurudia, ningechukua ile. Nisingehitaji hata siku nzima. Ningemwacha amalize sentensi yake.

Baada ya hapo kulikuwa na mengi, na niliyaona yote, maana mimi si kipofu. Niliona akitembea kwenye kolido na mkono ukutani. Nikadhani ni magoti. Niliona anamwaga chai iliyowekwa kushoto kwake, nikaanza kuiweka kulia, nisijiulize. Niliona kwamba jioni alikuwa bado anakwenda kwenye gari, anawasha taa, anakaa na shati mapajani, na mikono imetulia juu ya shati. Nikadhani anapumzika, au anamkumbuka Mama. Nilimhurumia, kisha nikampigia kelele za batri.

Na barabarani alianza kusema "Ngoja". Kila nilipouliza, "Ngoja." Tulikuwa tukifuata malori ya shaba mwendo wa konokono, vumbi lote letu, magari mengine yanatupita. "Papa," nilimwambia siku moja, "njia iko wazi mpaka Zambia, weye uko nasema ngoja tu." Nikamtania kwamba uzee umemtia woga. Nilimchokoza hivyo safari mbili tatu, mbele ya watoto, na alikuwa mtu mwenye heshima yake. Nafikiri ndiyo sababu Jumamosi ile alisema alichosema.

Tulikuwa njiani kwenda Sakania, asubuhi, jua limeshapanda, sare zimejaa nyuma mpaka dirishani. Mbele yetu lori, refu, linakwenda polepole. Binti yangu yuko kiti cha katikati. Nikauliza, "Nipite, Papa?"

Alichukua muda. Akasogeza kichwa mbele, akakigeuza kidogo kama kuku anayetazama punje. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kutaniwa tena, "Pita."

Nikatoka. Mbele yangu pikipiki, imebeba magunia mawili ya makala, yaani makaa, iko karibu kiasi kwamba niliuona mdomo wa mwenyewe umefunguka. Nilikanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori, sijui nilivyorudi. Yule bwana aliingia kwenye majani, akaanguka, magunia yakapasuka. Nilisimamisha gari nikakimbia. Alikuwa mzima, magoti tu yamechunika, na alinitukana matusi yote anayoyajua, na nilikubaliana naye katika kila moja. Tulimsaidia kukusanya makala yake. Binti yangu alikuwa akiokota vipande viwili viwili.

Baba hakushuka. Nilirudi mlangoni kwake na damu imenichemka.

"Papa, pikipiki yote ile, hukuiona?"

"Hapana."

"Namna gani hapana? Ilikuwa hapa! Upande wako!"

Alikuwa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. "Upande ule siko naona, mama," akasema. "Tangu siku mingi. Niko naona katikati tu. Sawa mu kitundu cha kifungo."

Nilisimama pale barabarani na mikono yangu myeusi ya makala, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa barabara wala pikipiki. Ilikuwa ile alama ya kahawia kwenye kifuniko cha taa.

Hatukufika Sakania. Niligeuza gari, nikarudi mjini bila kupita hata baiskeli.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole wa mikono. Alimpima kwa mashine moja, akampima kwa nyingine, akamzimia taa, akamwashia. Kisha akatueleza, Kiswahili na Kifaransa vikichanganyika kama tunavyosema wote. Ugonjwa unaitwa glokoma. Presha inapanda ndani ya jicho, hakuna maumivu, na inakula mshipa polepole kuanzia pembeni, mpaka mtu anabaki na kitundu katikati. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia lilikuwa na hicho kitundu.

"Ile yenye ilienda hairudie tena," akasema. "Tutajaribu kulinda ile yenye ilibakia. Mungefika mapema, tungelinda mingi."

"Nuru ya kutosha kushona?" nikauliza.

"Pengine ya kutosha kushona."

Akachukua kalamu. Akauliza alianza kuona giza lini. Nilijibu mimi, na sikuweza kujibu kwa miezi. Nilihesabu kwa ampule. Kabla ya ile ya kwanza kutolewa. Ya pili. Ya tatu. Daktari aliandika huku akinitazama juu ya miwani yake, wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine ukooni aliyepoteza macho, kwa sababu ugonjwa huu hupita katika damu. Nikasema hapana. Sikusita hata kidogo. Na Baba, akiwa amekaa na mikono mapajani, akaanza kusimulia kile kichekesho. Alikisimulia polepole, bila kuigiza: utambi, kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu, muuza mafuta, suruali ya mifuko iliyofungwa. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye harusi alisimama, akasema, "Alikuwa papa yangu. Alikufa kipofu. Siye tulikuwa tunasema ni uzee." Daktari akaandika hilo nalo. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa nimekisimulia miaka ishirini, nimekula nacho Idi zote, na sijawahi kukisikia.

Matone alipewa, nikamtia mimi mwenyewe asubuhi na jioni, sikukosa hata siku moja. Upasuaji ulifanyika wa jicho la kulia. Kitundu kilibaki muda, kisha nacho kikaanza kufunga. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja alisema amefiwa, mmoja alisema harusi imeahirishwa. Baba aliwarudishia vikiwa vimekunjwa vizuri, akawapa pole na hongera, kila mtu ya kwake. Mama wa Sakania peke yake alipiga simu na kulia.

Tulifunga chumba cha Kamalondo. Cherehani ililetwa nyumbani, ikafunikwa shuka. Kiti cha mbele cha kushoto anakaa binti yangu sasa, amekuwa mrefu, na akisema "Ngoja" nangoja.

Kopo la sindano Baba alibaki nalo muda mrefu. Alikuwa akilitikisa kidogo akiwa amekaa barazani, akisikiliza tu. Halafu jioni moja, tumetoka kuswali, umeme umekatika, akaniita akaniwekea mkononi.

"Chukua, mama. Miye siko na kazi nayo tena."

Nililifungulia jikoni, kwenye mwanga wa mshumaa. Sindano zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zimechomekwa kwenye kipande cha sufu. Nyuzi, vifungo vya akiba, kipande cha nta. Chini kabisa kulikuwa na kitu kimefungwa kitambaa cha kanzu. Nikakifungua. Ilikuwa ile ampule ya kwanza, ile niliyoitupa kwenye kiti nikaisahau. Aliiokota, akaisafisha, akaiweka mahali anapoweka vitu vizima.

Sikumwambia mtu. Nilichukua kisu, nikakifunga kitambaa, nikaenda kwenye gari. Nilibandua kile kifuniko chenye alama ya moto, nikatoa ile nyeupe ya Kolwezi, nikarudisha kile kidonge cha zamani kati ya vyuma vyake viwili. Kikawaka. Mwanga wake ulikuwa wa njano, wa kawaida, na ulifika kila pembe: viti, milango, mkeka wa chini, makombo ya biskuti ya watoto.

Nilikaa kiti chake cha katikati, nikafunga mlango. Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote na uzi mweusi. Nina miaka arobaini na mbili, na daktari ameniambia niende kupimwa kila mwaka, na ninakwenda. Nilinyoosha uzi kwa mate kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Ukaingia mara ya kwanza.

Nilibaki nimeishika ile sindano, nalia kama mtoto. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa hicho tu. Kukaa alipokaa yeye, jioni moja, na sindano na uzi, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ningejua siku ile ile kwamba taa ni nzima.

Sauti yake ikatoka barazani. Alikuwa amesikia mlango wa gari.

"Mama? Uko nafanya nini mu motokari?"

"Nilirudisha ampule ya zamani, Papa. Yenye ulichunga."

"Iko nawaka?"

"Iko nawaka muzuri," nikasema. "Ilikuwa nawaka muzuri siku zote."

Nilimwona kupitia kioo, amekaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwangu, au karibu na kwangu.

"Nilijua," akasema. Kisha, kwa upole ule ule, "Basi uizimishe, mama. Batri itakufa."